Inkscape kwenye meza ya fundi stika: korosho moja, nodi tano

Mama mmoja wa Temeke alikuja kibandani kwangu Magomeni na kanga ya marehemu mama yake, ameikunja vizuri ndani ya kanga nyingine. Mjukuu wake alikuwa anaolewa, na yeye alitaka korosho zilizo kwenye pindo la kanga hiyo ziwe alama ya harusi nzima: kwenye kadi, kwenye mifuko ya zawadi, na kwenye stika kubwa ya kubandika nyuma ya viti vya maharusi. Kanga ilikuwa imepauka, nyekundu yake imekuwa kama udongo, lakini korosho zilionekana bado. Nyembamba, mgongo umepinda taratibu, ncha imegeuka kidogo kama inachungulia nyuma.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifundisha Inkscape, programu ya kuchorea, sawasawa, ingawa nilikuwa nayo kwenye kompyuta muda mrefu nikiitumia kuandika majina ya daladala tu. Nimeona niandike ninachokijua, maana vijana wengi wa stika na fulana wananiuliza watumie nini, nami sitaki kuwajibu juu juu.

Tuanze na sababu. Korosho ile ilitakiwa iwe ya sentimita 2 kwenye kadi na ya karibu mita nzima ukumbini. Picha ya simu ni vidoti vya rangi. Ukiivuta hadi mita moja, kingo zinakuwa ngazi ngazi. Mchoro wa vekta hauna vidoti. Una njia: nodi hapa, nodi pale, yaani vituo ambavyo mstari unapitia, na maelezo ya jinsi mstari unavyopinda kutoka moja kwenda nyingine. Uukuze unavyotaka, kompyuta inaupiga hesabu upya, kingo zinabaki safi. Tena plota, mashine yetu ya kukata stika, haijui picha. Inajua njia tu, kwa sababu kisu lazima kiambiwe kipite wapi.

Nilianzia kwenye GIMP, kwa kuwa ndiyo programu ninayosafishia picha. Toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, lina zana ya njia inayofunguka kwa kubonyeza B: unabofya kuweka nodi, unaburuta kupinda mstari. Kwa kukata picha ya bibi harusi utoe ukuta wa nyuma, siijui zana ya bure inayoishinda. Unazunguka bega, shingo na kilemba, kisha unageuza njia kuwa eneo lililochaguliwa, ukuta unafutika. Lakini humo njia ni kama chaki ya fundi cherehani. Inaongoza mkasi, yenyewe si nguo. Usipoijaza rangi au kuipigia mstari, haionekani kwenye picha utakayotoa. Kwa hiyo niliitoa njia yangu kama faili la SVG, aina ya faili la michoro ya vekta, nikaifungua Inkscape, nikabaki huko huko.

Inkscape ni ya bure kabisa. Ilizaliwa mwaka 2003 kutoka programu ya zamani iliyoitwa Sodipodi, toleo la 1.0 likatoka 2020, na mimi natumia 1.4 iliyotoka Oktoba 2024. Inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na faili lake la kawaida ni SVG, ambalo hata kivinjari cha intaneti kinalifungua.

Kosa langu la kwanza ni lile wanalolifanya wengi. Niliipiga kanga picha kwa simu, nikaiingiza, nikaiamuru programu ichore yenyewe kwa kufuata kingo za picha. Sekunde chache, korosho hiyo hapo. Nilifurahi. Kisha nikatazama chini ya dirisha, pale programu inapoandika idadi ya nodi: 812, kwa korosho moja. Ilikuwa imefuata kila uzi uliochomoza na kila mahali rangi ilipovuja kwenye kitambaa. Nilikata stika ya majaribio, plota ikawa inatetemeka kila milimita, kingo zikatoka kama zimetafunwa.

Nikajaribu kupunguza kwa Ctrl na L. Amri hiyo inalainisha njia, na ukiibonyeza haraka haraka mfululizo, kila mara inalainisha kwa nguvu zaidi. Nodi zilishuka hadi 40 hivi. Mama alipopita jioni nikamwonyesha. Aliisogelea kompyuta, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, hii imevimba mgongo. Na mdomo wake uko wapi? Ya mama yangu ina mdomo."

Alisema kweli. Kulainisha kulikuwa kumekula ncha. Kwa programu, ncha kali na uzi uliochomoza ni kitu kimoja, inavisaga vyote.

Basi nikafuta, nikachukua kalamu, ambayo humu nayo inaitwa kwa B, nikachora kwa mkono juu ya ile picha. Hapa nitakaa kidogo.

Korosho inahitaji nodi tano. Ya kwanza kwenye ncha. Ya pili pale mgongo unapofika mbali zaidi kwa nje. Ya tatu chini kabisa, kwenye kitako. Ya nne tumboni, upande wa pili. Ya tano shingoni, pale mstari unapoingia ndani kabla ya kurudi kwenye ncha. Usiweke nodi katikati ya mkunjo kwa kuwa mkono umechoka kuburuta. Weka pale umbo linapofika mwisho wake: juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa, kulia kabisa. Kisha bonyeza N upate zana ya kuhariri nodi, na kazi yenyewe inaanza.

Kila nodi ina vishikio viwili, vijiti vyenye vitufe mwishoni. Kishikio kinauambia mstari utoke kuelekea wapi na kwa nguvu kiasi gani. Hesabu hizi zilitoka kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa: Pierre Bézier alizitumia Renault miaka ya 1960 kuchora mabati ya bodi, na ndiyo maana mikunjo hii inaitwa kwa jina lake. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini nodi chache zinapendeza. Bati la gari halipindwi kila sentimita.

Unapovuta kishikio, shika Ctrl: kitatembea kwa hatua za nyuzi 15, hivyo ni rahisi kukilaza au kukisimamisha sawasawa. Kitakoni nilikilaza, mgongoni nikakisimamisha. Urefu wa kishikio ukizidi, mstari unavimba, ukipungua, unachongoka. Mimi huanza na kama theluthi ya umbali wa kwenda kwenye nodi inayofuata, halafu nasogeza kidogo kidogo. Nodi ya ncha niliifanya kona kwa Shift na C, vishikio vyake vikaachana, kila kimoja kikaenda kivyake. Zilizobaki nikazifanya laini kwa Shift na S. Kwenye shingo sikugusa kishikio hata kimoja: niliushika mstari wenyewe nikauburuta kwa kipanya, ukaja kama waya laini. Uwezo huo ndio ninaoupenda kuliko vyote humu.

Safari hii mama aliitazama korosho kwenye skrini, akaweka kidole kwenye ncha, akasema, "Huyu sasa ni wa kwetu."

Pindo lilikuwa jepesi baada ya hapo. Alt na D inatengeneza pacha anayemfuata mama yake: ukihariri nodi kwenye korosho ya kwanza, zote zilizozaliwa nayo zinabadilika papo hapo. Nilipanga 24 kuzunguka kadi, kisha nikaona mgongo bado umejaa kidogo. Nikasogeza kishikio kimoja, pindo lote likanyooka.

Jina la kanga lilikuwa "Nani kama mama", na mteja alilitaka kwenye stika. Maandishi lazima yageuzwe kuwa njia kwa Shift, Ctrl na C kabla faili halijatoka kwako, la sivyo kompyuta ya huko linakokwenda ikikosa aina hiyo ya herufi, inaweka nyingine. Hifadhi nakala kwanza, maana ukishageuza hutaweza tena kusahihisha herufi kwa kuandika. Na kwa sisi wa plota kuna jambo moja zaidi: kisu hufuata njia, unene wa mstari hakiujui. Mstari mnene lazima ugeuzwe kuwa umbo kwa Ctrl, Alt na C, na maumbo yanayopandana yaunganishwe kwa Ctrl na alama ya kujumlisha. Bila hivyo kisu kinapita katikati kila mahali herufi zilipogusana, na stika ya watu inaharibika.

Sasa mapungufu. Kubwa ni rangi. Toleo hili la 1.4 likitoa PDF, rangi zake ni za skrini, si zile nne za wino wa matbaa. Nyekundu ya kadi zetu ilirudi kutoka kwa mpiga chapa imefifia, na fedha ya majaribio ilikuwa imeshalika. Siku hizi naomba kipande cha majaribio kabla ya kazi yoyote ya karatasi. Kama kazi yako kubwa ni vitabu na magazeti, Illustrator, programu ya kuchorea ya kampuni ya Adobe, inazishughulikia rangi hizo vizuri zaidi, ila hiyo unailipia kila mwezi au kila mwaka. Kwa stika na plota, sijaona sababu ya kulipa.

La pili ni uzito. Kompyuta yangu ina RAM ya GB 4. Mchoro wa nodi chache unaruka kama swala, lakini faili la maelfu ya nodi linaniganda hadi nakwenda kunywa chai. Na vitufe ni vingi. Wiki mbili za mwanzo niliviandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani.

Kijana ninayemfundisha bado simruhusu kuiachia programu imchoree. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaja, anachora korosho moja kwa kalamu juu ya picha ya kanga ile, ambayo mama aliniruhusu niitunze. Jumatatu alitumia nodi 19. Leo ametumia saba, na ncha ipo.