Riba ya Pesa za Simu: Kenya na Tanzania

Mteja anapomkabidhi wakala wa Gikomba au wa Kariakoo noti ya elfu moja na kuona salio lake limeongezeka, sheria za nchi zote mbili zinadai kwamba salio hilo liwe na shilingi halisi benki, katika akaunti ya amana iliyotengwa na mali ya kampuni ya simu.

Tofauti inaanzia kwenye riba ya akaunti hiyo. Nchini Kenya, Kanuni za 2014, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya 2011, haziruhusu kampuni ijichukulie mapato hayo, nayo huelekezwa kwenye shughuli za hisani. Tanzania, kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, ilichagua mteja mwenyewe afaidike, na ndiyo maana huingia ule ujumbe mfupi wa gawio, pengine la shilingi mia kadhaa tu. Binafsi naona njia ya Tanzania ni ya haki zaidi, kwa kuwa pesa ni za mteja, ingawa nakiri kwamba riba ya wengi ikikusanywa pamoja yaweza kujenga shule, ilhali gawio la mtu mmoja huishia kwenye vocha.

Katika kutumiana pesa baina ya mitandao, Tanzania ilitangulia: kampuni zake zilianza kuunganishwa mwaka 2014, Kenya mwaka 2018.