Pampu ya mkono ya kutoa upepo kwenye klachi: uzoefu wangu na Hilux ya machungwa

Msimu wa machungwa Muheza, klachi ya Hilux yangu ya dizeli iliniangusha nikiwa nimeshajaza mzigo. Pedali ilizama hadi sakafuni, gia ya kwanza ikagoma kuingia, ya nyuma ikawa inalia kama inasagwa. Kulala chini kuchungulia, raba ya pampu ya chini ya klachi, ile inayofungwa kwa bolti mbili ubavuni mwa gia boksi, imelowa mafuta chapachapa. Kubadilisha pampu hakukufika hata saa moja. Kasheshe ikawa upepo ulioingia kwenye bomba la mafuta.

Tulianza na njia ya watu wawili, mimi chini, mwanangu juu: kanyaga, shikilia, nafungua nipo (ile skrubu ndogo yenye tundu kwenye pampu ya chini), nafunga, achia. Chupa ya mafuta ya klachi, DOT 3, ikaenda nusu, pedali bado laini kama sponji. Mafuta hayabinyiki lakini upepo unabinyika, kwa hiyo povu dogo tu likibaki kwenye bomba, mguu unaishia kulibinya hilo povu na klachi haiachii.

Ndipo nikanunua pampu ya mkono ya kuvuta, yenye mshale wa kipimo na kikopo cha kupokelea mafuta machafu, shilingi 65,000. Sifa zake nazitoa kwa moyo mweupe: mtu mmoja anafanya kazi peke yake, mafuta hayamwagiki ovyo, na mshale hausinzii, ukivuta unabaki palepale. Lakini siku ile ilinichosha. Nilivuta, mapovu yakaja, nikavuta tena, mapovu yakaja, nusu saa nzima hayaishi. Nikaanza kuilaumu pampu mpya ya klachi bure. Kumbe ukishalegeza nipo ya kutolea upepo, pampu inavuta pia hewa ya nje kupitia kwenye nyuzi za nipo yenyewe, na hayo mapovu hayatoki ndani ya klachi kabisa. Karatasi iliyokuja nayo haikusema neno juu ya hili, na hapo ndipo ninapoipunguzia alama. Nilipopaka grisi kuzunguka shina la nipo, mapovu yalipungua mara moja.

Pedali ikapanda, ila haikufika mahali pake. Fundi mmoja kijana jirani yangu akaniambia, "Mzee, upepo unapanda juu, wewe unaulazimisha ushuke. Usukume kutoka chini." Maneno hayo yaliniingia. Bomba la klachi ni jembamba, lina kona inayopanda karibu na pampu ya juu, ile inayosukumwa na pedali, na upepo unajificha pale.

Nikaenda duka la dawa za mifugo, nikachukua sirinji ya mililita 60 na kipande cha mpira unaoonyesha ndani. Kwanza nilinyonya mafuta kwenye kikopo cha juu, kile cha kuwekea mafuta ya klachi chini ya boneti, yakabaki kidogo, la sivyo yangefurika. Nikajaza sirinji mafuta mapya, nikayasukuma hadi yakafika ncha ya mpira ili nisiingize upepo mwingine, nikauvisha mpira kwenye nipo na kuufunga kwa waya. Nikalegeza nipo nusu mzunguko, nikasukuma polepole. Mwanangu aliyekuwa anaangalia kikopo akapaza sauti, "Baba, yanatoka!" Mapovu matatu makubwa, kisha madogo madogo, kisha kimya. Nikafunga nipo kabla sijaachia sirinji. Nilipokanyaga mara ya tatu, pedali ilikuwa ngumu.

Mambo mawili nayasisitiza. Mafuta haya yanakula rangi ya gari, kwa hiyo yakimwagika miminia maji papo hapo. Na yawe ya chupa iliyofunguliwa siku hiyo, maana DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewani, na Tanga unyevu tunao wa kutosha.

Pampu ya mkono sijaiuza. Kwenye breki inanifaa sana, hasa nikiwa peke yangu. Ila anayetaka kitu cha klachi tu asitoe 65,000 kabla hajajaribu sirinji. Raba ya sirinji huanza kuwa nzito baada ya kuitumia mara chache, nunua nyingine.

Wiki tatu sasa nimepanda na mzigo kuelekea Amani, kona na milima yote ile, gia zinaingia bila kelele. Kila asubuhi nafungua boneti kuangalia kikopo, na mafuta yako palepale.