Portifolio ya laki tatu na nusu au fomu ya bure? Rivyu kwa modo anayeanza

Hii rivyu ni ya vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza ni kifurushi cha "portifolio ya modo", yaani albamu ya picha za kuombea kazi, kinachouzwa na studio moja hapa Dar, jina nalihifadhi, na cha pili ni zile fomu za maombi zilizoko kwenye tovuti za ajensi kubwa za nje. Naviweka pamoja kwa sababu vyote vinadai vinafanya kazi ile ile, kumtoa binti asiyejulikana mpaka mbele ya mtu anayechagua wanamitindo. Kimoja kinakula laki tatu na nusu, kingine kinakula bando la mia tano.

Mi kazi yangu ni mekapu, maharusi na shoo za mavazi, kwa hiyo mabinti warefu hawaishi kuniuliza "dada hizi picha nipeleke wapi". Mmoja wao ni mtoto wa mama yangu mdogo, sentimita 177 bila viatu, shingo hiyo, mjomba wake akamlipia studio kama zawadi ya kumaliza form six na mi nikaombwa nimsindikize siku ya kupiga.

Tuwape haki yao kwanza. Walianza kwa muda walosema, AC inafanya kazi, mpiga picha taa anazijua kwelikweli na ana adabu, hakumshikashika mtoto wa watu. Shida ni kile kilichotoka. Kope za bandia, wigi mpaka kiunoni, kontua imempa pua ambayo sio yake, gauni la kukodi limebanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo ili likae, halafu nyuma yake maghorofa ya New York usiku. Kwenye kuediti ndo wakamaliza kabisa, ngozi imelainishwa mpaka kile kialama cha tetekuwanga shavuni tunachomjua nacho toka mdogo kimefutika, na nembo ya studio imepigwa katikati ya paja kwenye kila picha. Kwa sendofu au bethdei ningewapa nyota nne na soda juu. Kwa kuomba kazi ya umodo hizo picha hazina kazi, kwa sababu mtu wa ajensi anataka kujua mfupa wa uso ukoje, ngozi ikoje, miguu imenyooka vipi, na hivyo vyote ndo vimefichwa.

Tulipoenda kuchukua albamu, dada wa kaunta akaleta ofa nyingine, ati wanaweza "kumuunganisha na ajensi za Ulaya", usajili laki na nusu, kadi ya modo inahuishwa kila mwaka. Nikamuuliza ajensi gani? "Tuna mapatna wengi dada, hayo mambo ya ofisi." Haya asante, tukaaga.

Maana biashara yenyewe inavyokwenda ni hivi. Ajensi ya kweli inakula ukila. Inakutafutia kazi, mteja analipa, yenyewe inakata kamisheni yake, kawaida asilimia 20, na yule aliyekuibua nyumbani kwenu akakupeleka kwa wakubwa, wenyewe wanamwita maza ejensi, anapata kipande chake humo humo. Sasa anayechukua hela yako kabla hujavaa hata soksi ya mtu, wewe kupata kazi kunamhusu nini, si ameshalipwa? New York wameshaliweka kwenye sheria kabisa, Fashion Workers Act, imeanza kutumika Juni 2025, ajensi ya pale haina ruhusa ya kukutoza amana wala ada ili ikusajili, kamisheni mwisho asilimia 20 na mkataba usizidi miaka 3. Kwa hiyo mtu akikwambia "ajensi ya New York inataka dipoziti" ujue hapo hamna ajensi.

Fomu sasa. IMG, Ford, Elite, Storm ya London, wote wana sehemu ya maombi kwenye tovuti zao na haina kiingilio. IMG wana mpaka akaunti yao ya kusaka sura mpya Insta. Nazikubali kwa sababu moja kubwa, zamani stori zote zilikuwa za kuokotwa njiani, Kate Moss, modo wa Uingereza, alionwa na mwenye Storm uwanja wa ndege wa JFK 1988, Alek Wek, modo wa Sudan Kusini, alionwa sokoni kusini mwa London 1995. Herieth Paul kazaliwa hapa hapa Dar lakini umodo aliuanzia Canada alikohamia akiwa mdogo, mpaka 2016 anatembea kwenye shoo ya nguo za ndani ya Victoria's Secret kule Paris. Sasa niambie nani anapita kusaka modo stendi ya Mwenge? Hamna. Fomu ndo mlango wetu sisi wa huku.

Kujaza hakuchoshi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, unapoishi, urefu, kifua, kiuno, hipsi, namba ya kiatu, Insta, basi. Aliye chini ya miaka 18 mzazi lazima ahusike, usimdanganyie umri. Vipimo chukua kwa futi ya fundi cherehani, peku, na usijiongezee hata sentimita moja, kwa sababu siku wakikuita cha kwanza wanakusimamisha ukutani wakupime. Mabinti wengi wanaochukuliwa kwa majukwaa wako kama sentimita 173 mpaka 180, wakaka 183 mpaka 190. Ukiwa na 160 sikukatishi tamaa ila hizo fomu za jukwaani sio zako, wewe nenda kwenye matangazo, sabuni na mitandao ya simu hawaulizi urefu, wanauliza tabasamu.

Picha za kuweka kwenye fomu tulizipigia uani kwa mama mdogo, kwenye ukuta mweupe upande wa kivuli, saa nne asubuhi jua halijawa kali. Jinzi ya kubana nyeusi, vesti nyeusi, nywele zimefungwa nyuma uso wote unaonekana, mekapu sifuri (mimi nilivyo na mkoba wa mekapu pale mikono ilikuwa inaniwasha lakini nikajizuia). Uso kwa mbele, uso kwa ubavu, mwili mzima mbele, mwili mzima ubavu, moja anacheka meno yaonekane. Kitu ambacho wengi wanakosea ni mpiga picha kusimama na simu usawa wa macho yake, miguu inakuwa mifupi kama ya mtoto, shusha simu mpaka usawa wa kiuno cha anayepigwa na urudi nyuma hatua kadhaa. Halafu hizi simu zetu, Tecno, Infinix, angalia ile bjuti ya kulainisha uso kama imewashwa, izime, la sivyo umerudi kule kule kwa studio. Na ukimtumia mwenzako picha kwa WhatsApp ili akujazie fomu, itume kama dokumenti, ukituma kawaida inabanwa inafika ina ukungu.

Kuhusu nywele kuna mabinti wanabisha, wanasema bila wigi "sitaonekana". Flaviana Matata 2007 alipanda Miss Universe kule Mexico na kipara chake akaingia kumi bora. Sina la kuongeza.

Sasa mabaya ya hizi fomu, maana sio kwamba ni malaika. Ziko kimya. Unajaza, inakuja asante moja ya mashine, basi. Wengi wanakwambia wazi kabisa wasipovutiwa hawatakujibu, kwa hiyo hujui kama picha imeonwa na mtu ama imepita tu, na kwa binti wa miaka 19 anayeshika simu kila dakika ule ukimya unauma. Pia zote ni Kiingereza. Na kila ajensi ina fomu yake, hii inataka inchi ile inataka sentimita, hii inagoma picha ikiwa nzito bila kukwambia uzito gani inaukubali, hapo tulipoteza bando la bure kabisa.

Halafu ukishaanza kutuma, matapeli wanakunusa. Mdogo wangu alipoweka zile picha Insta akaja mtu DM anajiita skauti, yaani msaka modo, wa ajensi kubwa, ana picha ya mzungu, anataka waongee WhatsApp na atume picha za chupi usiku huo huo. Skauti wa kweli ana imeili ya kampuni yake na hana shida ukimwambia subiri nipige ofisini kwenu nihakikishe. Huyu tulipomwambia hivyo akatublock.

Nyota zangu: studio moja kwa kazi ya umodo (nne kwa sherehe, nimeshasema), kile kitengo chao cha "kuunganisha" sifuri. Fomu za bure nne, ya tano nimeikata kwa ule ukimya. Mdogo wangu bado anasubiri, ila kuna ajensi moja ya Afrika Kusini imemwandikia inataka video fupi akitembea, bila kumwomba hata senti, kwa hiyo wikiendi hii tunarudi uani. Na kama kuna anayejua ofisi hapa Dar au Nairobi inayofanya kasting (usaili wa modo) ya wazi bila kiingilio aiweke hapo chini, wako wengi wanaonisumbua.