Wahudumu wa kujitolea wa dharura za moyo vijijini Wales
Katika vijiji vya Wales, ambako umbali na barabara nyembamba huchelewesha gari la wagonjwa, anayepiga 999 kwa sababu moyo wa mwenzake umesimama huenda akafikiwa kwanza na jirani aliyefunzwa, mwenye oksijeni na mashine ya kushtua moyo. Naipa huduma hii alama za juu, kwani kila dakika inayopita bila mshtuko hupunguza uwezekano wa kunusurika kwa takriban asilimia 10. Mashine yenyewe huelekeza kwa sauti, wala haishtui moyo usiohitaji. Kasoro ni kwamba wahudumu hawa, ambao hawalipwi na wana kazi zao, hutoka wanapopata nafasi tu, jambo linalowalazimu wanakijiji wengine kujua kukandamiza kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike.