Kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaani kwetu Mbagala: uzoefu wangu baada ya msiba wa baba

Baba alifariki hospitalini alfajiri ya Jumanne, Oktoba 2023. Niliporudi nyumbani Mbagala saa mbili asubuhi nilikuta turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vinashushwa kwenye guta, na akina mama watatu wameinama uani wanaulizana kuni ziko wapi. Sisi wenyewe hatukuwa tumempigia mtu simu. Mjumbe alisikia kwa jirani, akamwambia katibu, katibu akaandika kwenye kundi la simu, basi.

Hicho ndicho kikundi ninachokielezea hapa. Hakina ofisi wala bango. Ni kaya 84, kiingilio elfu thelathini, ada elfu tano kwa mwezi, kikao Jumapili ya kwanza ya mwezi chini ya mwembe wa mwenyekiti. Baba alijiunga 2012, enzi bado anatengeneza makabati Keko. Macho yalipoanza kumsumbua, 2019, mimi ndiye niliyeanza kumlipia, na nililipa huku nanung'unika. Elfu sitini kwa mwaka, za viti vya plastiki!

Nilifikiri tunanunua viti. Siku ile nikaona kilichokuwa kinanunuliwa ni watu wanaojua la kufanya wakati wewe hujui hata viatu vyako umevivua wapi. Mmoja alikwenda mochwari na mdogo wangu, akajua dirisha lipi linaanza na karatasi ipi isiachwe. Mwingine alikaa mlangoni na daftari la rambirambi, kila shilingi inaandikwa, jina na kiasi, na jioni linafungwa mbele ya mashahidi wawili wa familia. Jikoni kulikuwa na mama mmoja mnene mwenye sauti, anaendesha sufuria kama mnadhimu wa jeshi. Mimi ni kifungua mimba, nimezoea kupanga kila kitu, nikaenda kushika mwiko. Akaniondoa mkono taratibu. "Dada, wewe ni mfiwa. Kakae na mama yako." Nilikaa. Hiyo peke yake nailipia elfu sitini bila kinyongo.

Hela ilikuja siku hiyohiyo mchana, milioni moja na nusu taslimu, nikasaini. Jeneza halikutugharimu, mafundi wenzake wa Keko walikesha wakilitengeneza, wakagoma kupokea hata ya misumari. Lakini sisi ni watu wa kusini, na baba alikuwa amesema azikwe kwao, kijiji kimoja jirani na Ndanda. Gari la kumpeleka lilitaka milioni mbili na laki nne. Kwa hiyo msiwe na ndoto kwamba kikundi kitamaliza kila kitu. Kiliziba zaidi ya nusu ya gari tu, nyingine tukachangishana ndugu na jumuiya ya kanisani.

Katiba inasema wasafiri na mwili wawakilishi wawili. Walikuja wanne, wawili kwa nauli zao. Daraja la Mkapa pale Rufiji tulilivuka saa saba usiku, na wazee nyuma ya basi wakaanza habari za kivuko, kabla daraja halijafunguliwa 2003: namna msiba ulivyoweza kukwama ng'ambo maji yakijaa, mwili upande huu, kaburi lililochimbwa upande ule. Mmoja akasema ndiyo maana watu wa kusini wa umri wake wengi wamelala makaburi ya Dar. Mama alikuwa hajasema neno tangu Jumanne. Hapo akacheka kidogo, akasema baba yenu naye alikuwa mwoga wa kile kivuko.

Sasa kasoro za siku hizo. Viti vilivyoandikwa ni mia moja, vilikuja sitini na viwili, vingine vilikuwa kwenye msiba mwingine mtaa wa pili. Lililonichefua zaidi ni kuita majina. Mwanachama asiyefika msibani anatozwa faini ya elfu tano, kwa hiyo kabla ya ibada ya kumuaga mtunza nidhamu alisimama na daftari akaanza: namba moja, yupo? Namba mbili, yupo? Mama analia, watu wanaitikia "yupo" kama darasani. Nilimfuata baadaye nikamwambia hilo zoezi lingesubiri hata nusu saa. Akanijibu kwa upole kwamba wakisubiri, watu wanaondoka na wasiokuwepo wanadai walikuwepo. Namwelewa. Bado sijapenda.

Jambo ambalo sikulitarajia kabisa ni msaada wa makaratasi. Katibu wao ni mwalimu mstaafu, na siku ya kwanza tu aliniambia, "Mwanangu, hilo tangazo la kifo la hospitali lishike kama unavyoshika simu yako." Sikulishika. Lilisafiri nasi hadi kijijini, baba mdogo akalihifadhi ndani ya Biblia yake kwa usalama, tukarudi Dar bila lenyewe. Lilikuja na basi baada ya siku kumi na sita. Nawaambia kwa sababu kifo kinatakiwa kisajiliwe ndani ya siku 30, na kinasajiliwa wilaya kilikotokea, si kule mlikozika. Tungeendelea kuchelewa tungejikuta kwenye usajili wa kuchelewa na mzunguko wake. Katibu alikwenda nami Temeke mwenyewe, kwa daladala, na bila cheti kile cha kifo cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, nisingetoa hata hela iliyokuwa kwenye simu ya baba.

Mirathi ndiyo iliyokuwa ndefu. Sisi ni Wamakua, ukoo kwetu unafuata upande wa mama, na wapwa wa baba walikuwa na maneno yao kuhusu kile kiwanja cha Mbagala. Mahakama inataka muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi, na kikao chetu kilikaliwa mara tatu ndipo ukapatikana muhtasari mmoja. Tulikwenda kile Kituo Jumuishi cha Temeke kilichoanza 2021 kwa mashauri ya mirathi na ndoa. Katibu alitusaidia kupanga karatasi, mwenyekiti akaja kama jirani anayemjua marehemu na mke wake. Wote hawakuchukua hata nauli. Katika katiba yao huduma hii haimo kabisa. Inafanyika kwa sababu katibu ni katibu yule. Akihama mtaa, sijui kama itabaki, na hilo ni tatizo la vikundi vingi vya aina hii.

Kero yangu sasa.

Baada ya arobaini, Januari 2024, mama alivaa kanga yake akaenda kikaoni na elfu tano ya ada kama kawaida. Akarudishiwa. Kadi imefungwa, akaambiwa, kwa sababu mwanachama amefariki na ameshalipiwa. Katiba inasema mwanachama ni mkuu wa kaya, wengine ni wategemezi, na mtegemezi hana kadi. Akitaka ajiunge upya. Haya, ajiunge. Hapana, kwa sababu anayejiunga upya asizidi miaka 60, na mama alikuwa na 67.

Alirudi nyumbani na elfu tano yake mkononi, hakunihadithia. Nilisikia kwa jirani. Kikao cha Februari nikaenda naye.

Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Sikuitoa. Mwenyekiti aliposema, "Mama, pole sana, lakini katiba ndiyo hiyo tuliyoipitisha wote," mama akasimama, mtu asiyezoea kusema mbele za watu, akasema: "Mume wangu alikuwa Keko tangu asubuhi hadi usiku. Misiba yenu nimekuja mimi. Miaka kumi na moja nakata vitunguu kwenye misiba yenu, kumbe nilikuwa mgeni?"

Kimya. Yule mama wa jikoni ndiye aliyeanza. Alisema yeye mwenyewe ameandikwa kwa jina la mumewe, na akaomba wanawake wote walioandikwa hivyo wanyooshe mikono. Sikuhesabu, lakini ilikuwa mingi kuliko iliyobaki chini.

Niwatendee haki pia. Baada ya kikao mweka hazina alinionyesha hesabu, na hesabu yao si ya roho mbaya. Kaya 84 kwa elfu tano ni laki nne na elfu ishirini kwa mwezi, milioni tano na elfu arobaini kwa mwaka ikiwa kila mtu analipa, na si kila mtu analipa. Misiba mitatu tu ya wanachama ni milioni nne na nusu. Mwaka wa misiba minne sanduku ni tupu na wanakopa. Wakifungua mlango kwa kila mwenye miaka sabini, vijana watatoka, na wakitoka vijana hakuna kikundi. Nimeielewa hofu hiyo. Ila mjane ambaye kaya yake imelipa tangu 2012 si mwanachama mpya, hata ukipiga hesabu vipi.

Vilichukua vikao viwili zaidi, wakabadilisha kifungu. Sasa mwenza anarithi kadi bila kiingilio, akikaa miezi mitatu ya matazamio kabla ya kupata haki zote. Ukomo wa miaka 60 kwa wapya umebaki. Nilipendekeza mwenye umri mkubwa aingie kwa kiingilio cha juu na mafao madogo. Wamesema watalifikiria, na nikiwauliza wanatazama mwembe. Kwa hiyo kama una mzazi na unataka kumuunganisha na kikundi, usingoje azeeke, na siku ya kwanza omba uione kadi kwa macho yako: imeandikwa jina la nani? La mama likikosekana, lisukume liingie.

Kitu kingine, kikundi hiki ni cha misiba, kwa mzee aliyebaki hai hakina mengi. Kuna kifungu cha kumwona mgonjwa, elfu ishirini pamoja na sabuni na sukari, lakini mgonjwa awe amelazwa. Yaani ili waje kukuona ungali hai, lazima kwanza ukalazwe. Siku za kawaida, turubai likishafunguliwa na guta likiondoka, nyumba inabaki na ukimya ambao hakuna aliyetuonya. Presha ya mama ilipanda mwezi wa pili. Kadi yake ya matibabu ya wazee tuliifuatilia kupitia serikali ya mtaa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na kwenye kituo cha afya kuna dirisha lao. Dirisha ni kweli, foleni fupi, muuguzi anasalimia shikamoo. Dawa ndiyo mara nyingi unaandikiwa ukanunue duka la nje. Jirani yetu mmoja ana shangazi Unguja anayepokea Pensheni Jamii, ile iliyoanza 2016 kwa kila mwenye miaka 70, awe alikuwa mwajiriwa au mkulima. Mama akisikia habari hizo anauliza nauli ya boti ni shilingi ngapi.

Waliomuinua hasa ni WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa parokiani. Kila Alhamisi walikuja wawili wawili, rozari, kisha mmoja anafua na mwingine anapiga soga. Wiki nne za kwanza mama alikuwa analala tu na kuwasikiliza. Wiki ya tano alitoka akawaambia kwamba hawajui kusuuza.

Nikitakiwa kutoa nyota kwa kikundi, siku tatu za msiba ni tano, viti na kuita majina nikiwa nimevisamehe. Makaratasi tano. Namna walivyompokea mjane wa mwanachama wao ilikuwa moja, sasa ni tatu. Kwa wazee walio hai, moja, na hiyo moja ni ya sukari.

Mama amerudi kwenye misiba yao. Jumamosi iliyopita alikuwa mtaa wa pili tangu saa kumi na moja alfajiri, na kisu chake mwenyewe kwenye mkoba kwa sababu visu vya kikundi anasema havikati. Kwenye daftari yuko namba 23, namba ileile ya baba. Katibu alilipiga mstari mwekundu jina la juu, la mama akaliandika pembeni kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilikuwa imebaki kidogo. Ada naendelea kuituma mimi. Ya mwezi huu nimechelewa, na jana mweka hazina amenipigia mara mbili.