Una haibridi ya mzigo Dar: ubadilishe uchukue ya umeme? Chaguo tano, kuanzia bora

Kama gari lako la kazi ni haibridi ndogo (injini ya petroli ikisaidiwa na mota na betri) na betri yake haijaanza kusumbua, usibadilishe sasa. Kama unatumia kirikuu ya petroli, hesabu ni nyingine kabisa na ya umeme inaweza kukulipa. Na kama gari linalala barabarani, au kwenye paking ya kulipia isiyo na soketi, acha kwanza wazo la umeme hata ukipewa gari kwa bei ya kutupa. Mahali gari linapolala ndipo uamuzi wote ulipo. Bei ya petroli inafuata baadaye.

Pikapu ndogo ya haibridi, mfano Ford Maverick, hutengenezwa Mexico ikiwa na usukani wa kushoto, kwa hiyo kwetu tuiweke pembeni. Hapa mjini kazi yake inafanywa na Toyota Probox haibridi iliyotoka Japan mwishoni mwa 2018. Inabeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, yaani mifuko 8 ya saruji. Ndiyo tunayoipimia zote hapa chini.

Hesabu ya kilomita 100

Probox haibridi yenye mzigo wa wastani, kiyoyozi kimewashwa, kwenye foleni za Mandela na Morogoro Road, inatoa kilomita 16 hadi 18 kwa lita. Tuchukue 17. Petroli tuiweke TSh 2,900 kwa lita. EWURA, mdhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo weka ya mwezi wako. Kilomita 100 zinakula lita 5.9, ambayo ni kama TSh 17,000.

Gari la umeme la ukubwa unaokaribiana, tuseme Nissan e-NV200, linatumia uniti 19 hivi (uniti moja ni kWh moja) kwa umbali huohuo. Ila si kila uniti inayotoka ukutani inafika kwenye betri. Kama moja ya saba hupotea kuwa joto wakati wa kuchaji, kwa hiyo mita ya LUKU itakata uniti 22. Mteja wa T1, kundi la kawaida la TANESCO, analipa TSh 292 kwa uniti, na ukiweka VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA 1% inakuwa TSh 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28. Mara 22, unapata kama TSh 7,800.

Tofauti ni TSh 9,200 kwa kila kilomita 100. Anayetembea kilomita 80 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anabakiza kama TSh 190,000. Ongeza oili na filta ambazo hutanunua tena, inafika laki mbili na ushee. Sasa kama kubadilisha kunakutaka uongeze milioni 10 juu, pesa hiyo inarudi baada ya karibu miaka 4, na muda wote huo betri ya gari ulilonunua likiwa limetumika nayo inazeeka. Ya kirikuu ya petroli inayotoa kilomita 12 kwa lita ni tofauti: kilomita 100 zinakula zaidi ya TSh 24,000, na ya umeme ya saizi yake haifiki TSh 7,000.

Kuna kitu wengi wanakisahau. Kama nyumba yako iko kwenye D1, kundi la wanaotumia umeme kidogo, unalipa TSh 100 kwa uniti kabla ya tozo mradi usizidi uniti 75 kwa mwezi. Gari la kilomita 80 kwa siku linakula uniti 17 hadi 18 kila siku, kwa hiyo siku ya tano umeshazimaliza. Uniti zinazozidi zinatozwa TSh 350 kabla ya tozo, na ukiendelea hivyo unahamishiwa T1, nyumba nzima, pamoja na friji na pasi. Ingiza gharama hiyo kwenye hesabu yako kabla ya kumwambia mtu kwamba umeme ni wa bure.

1. Kubaki na haibridi na kuitunza betri yake

Hii ndiyo nafasi ya kwanza kwa wengi, na tunaisema tukiwa tunayapenda magari ya umeme. Mfumo wa Probox ni uleule wa Aqua ya kwanza: injini ya 1NZ-FXE na betri ya vipande 20, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 144. Spea zake zipo Kariakoo, mafundi wanaoijua wapo, na siku ukitaka kuiuza inaondoka haraka.

Kinachoiua betri hii Dar ni joto, na joto linaletwa na vumbi. Betri inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari. Ukibeba unga, saruji au pumba, vumbi linaziba chujio la feni, hewa haipiti, vipande vya katikati vinachemka kuliko vya pembeni na ndivyo vinavyokufa kwanza. Safisha chujio na feni kila kilomita 10,000. Kwa anayebeba saruji, kila 5,000. Na usirundike mzigo ukaziba tundu la kuvutia hewa.

Dalili zinakuja kwa mpangilio. Feni inaanza kulia kwa nguvu hata asubuhi. Mistari ya chaji kwenye dashibodi inapanda na kushuka ndani ya dakika chache. Injini inakataa kuzima kwenye foleni. Mwisho taa ya pembetatu inawaka na mashine ya fundi inasoma P0A80, kosa la betri ya haibridi. Usikimbilie kununua betri nzima. Mwambie fundi afungue, aangalie kwanza vipande vya shaba vinavyounganisha betri. Kutu ya kijani pale peke yake inaweza kuleta kosa hilo. Vinasafishwa na kurudishwa. Nati zake hukazwa kwa nguvu ndogo, karibu Nm 5, kwa spana yenye kipimo. Anayekaza kwa mkono anang'oa bolti kwenye plastiki na kipande kimekufa.

Kipande kibovu kimoja au viwili vinabadilishika. Vikifika vinne, badilisha betri yote, maana vilivyobaki vina umri uleule na utarudi gereji kila baada ya miezi michache. Ukinunua vipande vilivyotumika, vipimwe vikiwa na kazi: fungia taa ya gari ya wati 55 kwa dakika 2, soma volti kabla na baada. Kinachoshuka kwa volti 0.2 au zaidi kuliko wenzake kiachwe dukani. Na fundi asiyechomoa plagi ya usalama, asiyesubiri dakika 10 na asiyevaa glovu za volti 1,000, usimpe gari. Volti 144 za betri zinaua mtu.

2. Nissan e-NV200

Hili ndilo gari la umeme la mzigo tunalolipendekeza kwa anayesambaza mikate, vinywaji au vifurushi kwa njia inayojulikana, kisha anarudi nyumbani jioni. Ya viti viwili inabeba karibu kilo 600, mifuko 12, na sanduku lake limefungwa, mvua ya masika haiharibu kitu.

Zipo za betri ya 24 kWh, zilizoanza 2014, na za 40 kWh, zilizouzwa Uingereza na kwingineko Ulaya kuanzia 2018. Ya 24 kWh ikiwa mpya ilitoa kama kilomita 110 kwa kazi ya kweli. Iliyobakiza afya ya 75% itakupa 80 hadi 85, na hapo huna akiba ya kugeuka njiani kwenda Mbagala mteja akipiga simu. Ya 40 kWh iliyo na 85% inakupa kilomita 160, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Sababu nyingine ya kuiweka juu ya Leaf: betri yake inaweza kupozwa kwa hewa ya kiyoyozi, na kwa jiji la nyuzi 32 hilo ni jambo kubwa.

Shida yake ni umri. Magari ya umri mkubwa yanalipiwa ushuru wa uchakavu, na kiwango hutegemea umri na aina ya gari. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla hujatuma hata shilingi nje. Mara nyingi iliyokwisha kusajiliwa hapa inatoka nafuu.

3. Mitsubishi Minicab MiEV, kirikuu ya umeme

Ilitoka kama van mwishoni mwa 2011, na kama kirikuu ya kubeba wazi mwanzoni mwa 2013. Mzigo kilo 350, mifuko 7. Inafaa kwa mizunguko mifupi: Kariakoo, Ilala, Buguruni, Magomeni, na kurudi.

Van ina aina mbili za betri, na wanunuzi wengi wanakosea hapa. Wanaiona ya 16 kWh na ya 10.5 kWh, wanachukua kubwa. Ya 10.5 kWh inatumia seli za Toshiba SCiB, ambazo huvumilia joto na kuchajiwa mara nyingi kuliko karibu seli yoyote ya wakati wake. Baada ya miaka zaidi ya kumi, ndogo inaweza kuwa imebaki karibu na uzima wake wakati kubwa imepungua sana. Pima, usisome namba ya kwenye tangazo. Hata ikiwa nzima, ya 10.5 itakupa kilomita 60 hadi 70, na kiyoyozi kikiwaka saa mbili kwenye foleni kinaweza kula moja ya tano ya betri yote. Foleni yenyewe haili umeme wa maana, gari likisimama mota imesimama. Kinachokula ni ubaridi.

4. Nissan Leaf

Inaletwa sana kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kwa mzigo haifai: mlango wa nyuma ni mdogo na viti vikilazwa vinaacha kizingiti. Betri haina mfumo wa kupoza. Ukiilazimisha, chukua ya 40 kWh, iliyoanza 2017, na uichaji usiku, kamwe si mara tu baada ya kurudi na jua la saa 9 alasiri.

5. Pikapu kamili ya umeme

Isuzu D-Max EV inayotengenezwa Thailand ina betri ya 66.9 kWh, inabeba tani moja, na umbali wake rasmi ni kilomita 263. Ni gari la kazi kweli, lakini ni jipya na ni kubwa. Kwa soketi ya kawaida ya nyumbani itachaji zaidi ya saa 30. Iache kwa kampuni yenye yadi na umeme wa fezi tatu.

Ukutani kwanza, gari baadaye

Piga hesabu ya usiku mmoja. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa 10. Chaja ya ampea 10 inavuta kilowati 2.3, kwa hiyo uniti 23, sawa na karibu kilomita 100 za e-NV200. Hiyo inatosha wengi, mradi LUKU isiishe saa 8 usiku.

Soketi ya pini tatu za bapa haikutengenezwa kubeba ampea 13 usiku kucha. Inalegea, inachemka, plastiki inageuka rangi ya kahawia. Mwite fundi akuvutie saketi ya peke yake kutoka kwenye mein swichi: waya wa shaba wa mm² 4 (kata ncha, hakikisha ni shaba kweli na si chuma kilichopakwa), saketi breka ya ampea 16, kinga ya mshtuko ya 30 mA, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16. Athi ipimwe kwa mashine. Chaja nyingi hukataa kuwaka kama athi ni mbovu, na mtu anadhani gari limekufa. Waya wa ekstensheni uliokunjwa kwenye kigurudumu chake unayeyuka, usiutumie. Maeneo ya mbali na transfoma volti ikishuka usiku chaja inajikata yenyewe, kwa hiyo pima volti saa 3 usiku kabla ya kununua gari.

Siku ya kukagua

Nenda na kifaa cha bluetooth cha kusoma OBD2 (plagi ya kompyuta ya gari) na programu ya simu ya LeafSpy, inasoma Leaf na e-NV200. Angalia afya ya betri, kisha tofauti ya volti kati ya seli. Gari likiwa limetulia, tofauti chini ya 30 mV ni nzuri. Ukikanyaga mafuta ikavuka 100 mV, kuna seli inayokufa. Usiamini mistari 12 ya dashibodi. Mstari wa kwanza hupotea betri ikiwa imepungua karibu 15%, na wapo wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ili mistari yote irudi. Inashuka tena baada ya wiki chache, ukiwa umeshalipa.

Kwa hiyo liendeshe kutoka 100% hadi 20%, kiyoyozi kimewashwa, ukiwa na mzigo wa kilo 200. Andika kilomita. Umbali huo, toa moja ya tano, ndio utakaopangia kazi. Kisha hakikisha waya wa kuchajia unakuja na gari na umeandikwa volti 220–240. Wa Japan wa volti 100 usiuchomeke kabisa. Angalia pia umri wa betri ndogo ya volti 12. Ikifa, gari zima halitawaka hata betri kubwa ikiwa imejaa, na watu wamevuta magari mazima hadi gereji kwa sababu hiyo.