Redio ya boti inayosikika vizuri: ununue ipi hapa Mombasa

Ukienda kutafuta redio ya boti hapa Mombasa watu watakuambia angalia wati, na mimi naona hapo ndo pesa nyingi zinapotea, manake za mkono karibu zote ni wati 5 au 6, na kufika mbali kunategemea zaidi antena iko juu kiasi gani. Kinachoangusha watu baharini ni sauti. Uko nje ya Nyali, kusi imechachamaa, mashine inanguruma mgongoni, unaita chaneli 16, ile ya wito na dharura, na anayepokea anasikia mvumo tu, jina la chombo halishiki. Ndo maana hapa nimezipanga kwa vile zinavyopambana na kelele.

Ya kwanza, kama boti ina betri na pahali pa kusimamisha antena, ni ya kufunga kwenye boti, wati 25, yenye kupunguza kelele kwa DSP (redio yenyewe inachakata sauti kidijitali), mfano Icom IC-M510. Redio yoyote ya VHF, yaani mawimbi yanayotumiwa na redio hizi za boti, ina filta inayopitisha sauti za kama hertzi 300 mpaka 3000 na kukata zilizobaki, so ule mngurumo mzito unapungua wenyewe, lakini mlio wa mashine una sehemu za juu pia, na upepo vilevile, na hizo zinaingia palepale inapokaa sauti ya mtu, filta ya kawaida haizitenganishi hata kidogo. DSP inaikamata ile kelele ya mfululizo, inaipima, halafu inaitoa na kuacha maneno. Zingine zina maiki mbili, moja ya mdomo, moja ya kuchukua kelele za pembeni, na hio ya pili ukiiziba na kiganja ama laifjaketi basi umeiharibia kazi yote.

Ya pili ni ya mkono, na kwa mvuvi wa boti ndogo ningesema anza nayo hii: Standard Horizon HX890. Wati 6, inaelea, inapunguza kelele unapoongea na unapopokea, ina GPS na DSC. Hio DSC usiichukulie mchezo wallahi, kitufe cha dharura kinatuma namba yako na ulipo kidijitali kupitia chaneli 70, hata kama sauti yako isingeeleweka na mtu. Lazima iwekewe namba ya MMSI kwanza, yaani ile namba ya utambulisho wa chombo chako, kwa hivo shughulikia leseni mapema.

Tatu, Standard Horizon HX210 ama Icom IC-M25, za mkono pia. Zinaelea, imara, ila hazina DSC. Sawa kwa kuzunguka Tudor au Mtwapa.

Baofeng UV-5R naiona kwa watu wengi, sitaki kuipa namba kabisa. Haikutengenezwa kwa bahari, maji yanaingia, na ukisogea karibu na mitambo yenye nguvu upokeaji wake unazibwa. Roho yako usiitegemeze hapo.

Sasa kuna jambo wauzaji hawakwambii jamani, nalo lafaa ulijue kabla hujalipia redio ya bei: kelele nyingine haitoki kwa mashine wala upepo, inatoka kwa taa zako za LED. Mwaka 2018 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu taa hizo kuvuruga VHF, na DSP haiwezi kukurudishia mawimbi yaliyofunikwa kabla hayajafika kwenye redio. Pima hivi: zima taa zote, weka chaneli iliyo kimya, zungusha skwelchi (kinachonyamazisha mvumo wa redio wakati hakuna anayeongea) mpaka ule mvumo ukatike tu, usiipitishe, halafu washa taa moja moja. Mvumo ukirudi, taa hio ndo mbaya, isogeze mbali na antena ama nunua nyingine, kisha endelea na pampu ya maji na chaja ya simu vivyo hivyo.